Kabla ya Neno Tarjumani

...na sasa anapokea simu, daktari, ananiinulia kidole, subiri kidogo, kana kwamba mimi ndiye mwenye haraka, amenimwagia maneno yote halafu amegeukia dirishani na simu sikioni, na mimi nimebaki nayo mdomoni, siwezi kuyatema, siwezi kuyameza, na baba ananiangalia. Kofia yake iko juu ya goti, anaizungusha kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi, na wala haulizi, angeuliza ingekuwa nafuu, ningemwambia subiri baba, daktari hajamaliza, ingawa amemaliza, amemaliza kabisa, amesema sina dawa nyingine ya kukuponya, amesema ugonjwa umeyapita matibabu, ninachoweza kukufanyia kuanzia leo ni kukupunguzia maumivu, muda uliobaki ni mfupi, wiki kadhaa, pengine pungufu, na ningependa uutumie upendavyo wewe, pamoja na watu wako, hivyo ndivyo alivyosema, kwa lugha yake, polepole, kwa adabu, akimtazama baba usoni kama inavyotakiwa, ni mtu mzuri huyu daktari, ametoka mbali kuja kufanya kazi hapa kwa muda, katika lugha yetu anajua pole na asante tu, na pole aliisema mwenyewe tulipoingia, na baba akamjibu nimeshapoa, mama, na akacheka, na mimi nikaitafsiri hiyo nimeshapoa bila shida yoyote, ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, nani angejua kwamba nyuma yake kuna gunia. Hapo, kabla ya simu, daktari alimaliza akanitazama, zamu yako, na nikavuta pumzi, na simu ikalia. Sijui niishukuru au niilaani. Kiti changu nilikiweka mahali pake, nyuma kidogo ya bega la mgonjwa, ndivyo tulivyofundishwa chuoni, kaa pembeni ili wao wawili waangaliane, wewe uwe sauti, usiwe uso, lakini baba, mara tu daktari alipogeukia dirisha, alinyanyuka kidogo, akakiburuta kiti chake, miguu ya chuma ikalia sakafuni, akanigeukia, na sasa tumekaa goti kwa goti kama watu wanaomenya viazi kwenye beseni moja, na mimi nina uso, nina uso mkubwa kuliko chumba hiki, sijui niuweke wapi.

Na tulifundishwa pia usimtafsirie wa kwenu, hilo lilisemwa mapema kabisa, na leo asubuhi nilimwambia, baba, mwenzangu wa zamu yupo, ni mtu mwema, ana sauti nzuri, atakusemea, akasema mtu nimemlea, nimemsomesha, halafu nisemewe na mtu baki, kwani wewe umekuwa bubu lini, na daktari akauliza anasemaje, nikamwambia anasema anataka mimi, na daktari akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo baba hakuisikia na hata angeisikia asingeielewa, na wewe utaweza? Nikasema nitaweza. Niliisema haraka, kama mtu anayepokea mzigo kabla hajaunyanyua kuona uzito wake. Kwa sababu shida ni mimi, hilo neno, mimi, ndiyo sheria ya kazi yetu ambayo watu hawaijui, mgonjwa akisema kichwa kinaniuma husemi anasema kichwa kinamuuma, unasema kichwa kinaniuma, unakuwa yeye, daktari akisema nitakupasua kesho unasema nitakupasua kesho, unakuwa daktari, unabadilisha mimi kama mtu anayebadilisha koti mlangoni, na nyumbani jioni baba aligeuza jambo hilo kuwa mchezo wetu, nikivua viatu tu ananiuliza, leo ulikuwa nani, na mimi namjibu, bila kutaja majina, leo asubuhi nilikuwa mjamzito wa miezi minane, mchana nikawa dereva aliyevunjika nyonga na anamtukana daktari, na wewe ukamtukana, nikamtukana baba, ndiyo kazi, anapiga goti kwa kiganja, Mungu akupe nini tena, unatukana wakubwa mchana kweupe na mwisho wa mwezi wanakulipa. Leo ulikuwa nani. Jioni hii ataniuliza. Nitakuwa nimemwambia, kwa mdomo huu, sina dawa nyingine ya kukuponya, mimi, na kwake hakutakuwa na daktari katika hiyo mimi, ni mimi huyu niliyefundishwa naye kufunga kamba za viatu, na yeye atajibu kitu, sijui nini, na nitakigeuza kiwe mimi, nitamwambia daktari kwa lugha yake naogopa, au nimechoka, au nataka nirudi nyumbani, wa kufa atakuwa yeye na mtamkaji mimi...

Mwambie kamba ya kiatu chake imefunguka, baba anasema. Nani? Huyo daktari wako, ataikanyaga, aanguke, halafu tumtibu sisi. Nacheka, Mungu wangu, nacheka, nasema nitamwambia akimaliza simu, na baba anatikisa kichwa, usisahau, usipunguze. Usipunguze. Ni neno lake la kazini hilo, toka zamani, toka alipokuwa karani wa mizani barabara kuu ya malori, kibanda cha mabati na dirisha moja, malori yanapanda juu ya bamba la chuma, sindano inacheza inacheza inatulia, na madereva waliotoka kila upande wa dunia wanashuka wakipiga kelele kila mmoja kwa lugha yake kwamba mizani yenu mbovu, na baba, ambaye alizisikia lugha hizo mwaka nenda mwaka rudi mpaka zikamwingia zenyewe, zote isipokuwa ya huyu daktari ambayo haikupita pale, anasimama katikati yao na mkubwa wake, huyu anasema hivi, yule anasema vile, na ndipo mzee mmoja wa malori, hata sijui alitokea wapi, akambandika jina, Tarjumani, na likakaa, mtaa mzima, mpaka mama akawa anamwita hivyo akitaka kumchokoza, Tarjumani, njoo unitafsirie huyu mtoto analia nini. Na Tarjumani alikuwa na kauli yake, mzigo ukizidi unashushwa, ukipungua unaulizwa, na neno ni hivyohivyo, usizidishe, usipunguze, na nilipopata nafasi chuoni ya kusomea ukalimani aliniambia kwani kuna haja ya kwenda, si nimeshakufundisha yote, maneno mawili hayo. Na chuoni, mwaka wa kwanza, mwalimu wetu mmoja, mtu mfupi aliyekuwa akifuta ubao kwa kiwiko, alituandikia neno hilohilo, tarjumani, nikaruka kwenye kiti kama mtu aliyeitiwa baba yake, akasema tuliangalieni neno hili, sisi tumelipata kwa Waarabu, na wao si wa mwanzo, lilikuwepo kabla yao, karibu miaka elfu nne iliyopita wafanyabiashara walikuwa wakiliandika kwenye udongo mbichi kwa ncha ya unyasi, na hata hao haijulikani kwa hakika kama ni lao au waliliokota njiani, na baadaye likasafiri likaingia lugha za kaskazini na za magharibi, kila mpaka likabadilisha nguo kidogo, sauti moja ikapotea huku, nyingine ikaota kule, lakini mtu ni yuleyule, mtu wa katikati, akachora mishale ubaoni, mmoja unaingia katika mwingine, mpaka mshale wa kwanza kabisa, na nyuma yake akaweka alama ya kuuliza. Nilirudi nyumbani likizo nimejaa kama mtungi, nikamwambia baba, jina lako lina miaka elfu nne, akasema ndiyo maana linachosha, halafu akachokonoa jino, akaniuliza, kwa hiyo watu wote wa dunia walikwama palepale? Wakaazimana neno moja? Nikasema wengi wao. Na kabla hawajalipata hilo neno, walikuwa wanafanyaje? Nikacheka. Mwalimu mwenyewe aliweka alama ya kuuliza akaifuta kwa kiwiko.

...ya maji, hapana, siyo vidonge, koo lake halitavimeza muda mrefu, nahitaji leo, leo hii, daktari anasema dirishani, na kila neno linaniingia, huwezi kufunga masikio ya kazi hii, anaulizia dawa ya maumivu, ile kali, ya mwisho, wamwekee tayari ili aondoke nayo, na baba anasogeza kichwa, na huko kwenye simu anasemaje, maana sheria nyingine ni hiyo, kila kinachosemwa chumbani mgonjwa ana haki nacho, na mdomo wangu unajibu kabla yangu, anaulizia dawa. Dawa yangu? Ndiyo, yako. Na kofia inasimama. Usoni mwake kitu kinanyanyuka, kidogo sana, kama pazia dirisha linapofunguliwa nyumba ya jirani, na mimi ndiye niliyekinyanyua, sijasema uongo, kila neno ni la kweli, anaulizia dawa, ni yako, mizani ingekubali, lakini nimeona mzigo umepungua, nimeuona ukipungua mbele ya macho yangu, na nimejua kabisa nimesimama wapi, nimesimama pale aliposimama yeye siku ile ya mama. Chumba kilikuwa kingine, kuta zake za kijani hadi kiunoni na nyeupe juu, na mama amekaa kitandani miguu haifiki chini, na daktari mwingine, mwanamume, mgeni vilevile, ila wa lugha ambayo baba aliijua, akasema maneno marefu, marefu, nami nilikuwa na umri wa kujua kusoma, shule walikuwa wanatufundisha lugha ile kwa fimbo, nilielewa si yote, nilielewa hakuna la kufanya, nilielewa maumivu, nilielewa muda mfupi, na mama akamgeukia baba, haya Tarjumani, anasemaje, na baba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, akasema anasema upumzike na utumie dawa. Basi. Maneno yote yale, shehena nzima, akashusha hayo mawili. Na mama akasema sawa. Na mimi nilisimama pale nimeshika mkoba wa mama, nikimtazama baba, mtu wa usipunguze, na kitu ndani yangu kikakunja ngumi, na hakijaikunjua vizuri tangu siku ile, niliposomea kazi hii niliisomea kwa ngumi ileile, nilisema mimi sitampunguzia mtu, mimi nitamimina kila tone, na nimewamiminia wangapi, wake za watu, waume za watu, watoto wakubwa wamesimama ukutani, nimesema kwa sauti tulivu ugonjwa umeyapita matibabu, nimekuwa daktari mara zote hizo na jioni nikala chakula changu, nikijisemea moyoni, umeona, baba, umeona inavyofanywa.

Dawa, anasema baba. Anaizungusha kofia nusu mzunguko, anaiacha. Mama yako naye nilimwambia dawa. Hasemi kwa kujilaumu, anasema kama mtu anayetaja mahali alipoweka funguo. Akaniambia sawa, anasema, na ananitazama, na kisha anasema, sawa. Vilevile. Kwa sauti ileile, sauti ya kushusha kitu kwa upole ili kisivunjike, na pazia lile nililoliona usoni mwake halikuwa la matumaini, nilisoma vibaya, mkalimani mzima, halikuwa matumaini, alikuwa ananipima uzito. Anajua. Aliyajua maneno ya daktari pengine kwa mabega yake tu, kwa jinsi alivyosogeza kiboksi cha tishu mezani kabla hajaanza, alisoma madereva maisha yake yote kabla hawajafungua mdomo, atashindwa kumsoma daktari, atashindwa kunisoma mimi? Na kama yeye amejua kwa sawa hii, basi mama... ile sawa yake... subiri. Siku ileile, tuliporudi, jua lilikuwa halijazama, mama alinikalisha mlangoni kati ya magoti yake na kitana, kama kila mwisho wa wiki, halafu akaita, Tarjumani, njoo, kaa hapa, leo wewe utasuka, na baba akasema mimi?, akasema wewe, mikono si unayo, na akamshika vidole vile vinene, akamwonyesha, gawa tatu, hii juu, hii chini, vuta lakini usimuumize, hapana, umeacha nyingine, anza tena, na tulicheka, wote watatu tulicheka, mama mpaka akashika ubavu, na nilikwenda shule na mistari iliyopinda kama njia ya mlevi, na wenzangu wakaniuliza umesukwa na mbuzi, na nimeikumbuka siku hiyo miaka yote kama siku ya kucheka, nimeiweka kando na ile ya hospitali kana kwamba ni siku mbili, na ni moja, ilikuwa siku moja. Alikuwa anamfundisha. Alikuwa ameshajua, alijua kabla hajasema sawa, na aliirudisha nyumbani hiyo habari ambayo hakuambiwa na akaanza kuifanyia kazi jioni ileile, na kichwa changu ndicho kilikuwa kazi ya kwanza. Kisha akamfundisha wapi chumvi, wapi nguo zangu za baridi, na hakuna siku aliyomwambia kwa nini, na baba naye hakuna siku aliyomwambia alichokisikia, alimficha ili asiumie, na mama akaficha kwamba ameshajua ili naye asiumie, wakaishi hivyo mpaka mwisho, watu wawili waliopendana, lugha moja, chumba kimoja, na katikati yao hapakuwa na tarjumani. Alilia wapi mama? Nani alimshika? Hajawahi kumwambia mtu naogopa, kwa sababu angemwambia, baba angejua kwamba hakufaulu. Na baba alilia wapi, nilimsikia mara moja bafuni, maji yamefunguliwa, nikadhani anaoga. Ngumi yangu yote hii, miaka yote hii, nilidhani kosa lake ni kupunguza maneno... maneno yalifika, yalifika yote, hata yale ambayo hakuyasema yalifika, kilichopungua ni mtu, yeye mwenyewe alipungua, alisimama pale katikati kama inavyotakiwa, akawa sauti bila uso, na mama akabaki peke yake upande wa pili. Na mimi, je, na hayo yote niliyomimina, kila tone, nimekaa nyuma ya bega, sikupunguza hata moja, na nilikuwapo?

Nami nimekwisha panga, ndiyo, nilikuwa nimekwisha panga hapa hapa, simu ilipolia, kwamba nitamwambia upumzike na utumie dawa, nilikuwa na hayo maneno tayari kwenye ulimi, ya urithi, nilikuwa namshukuru Mungu kwa simu ili nipate kuyapanga yasitetemeke. Baba ameweka mkono wake juu ya goti langu, si wa kunibembeleza, ni kama mtu anayeshikilia meza isiyumbe, kucha zake zimekuwa za rangi ya nta, nilizikata juzi, na vidole ni vilevile, vilijifunza kusuka, baadaye vilisuka vizuri kweli, walimu waliniuliza mama yako anasukia wapi. Walikuwa wanafanyaje, kabla ya neno? Nadhani najua, mwalimu, nadhani najua kilichokuwa nyuma ya mshale wa kwanza, hakuwa mfanyabiashara, mfanyabiashara alikuja baadaye akahitaji jina la kumwitia mtu huyo ili amlipe, kabla yake alikuwa mtoto tu, mtoto fulani kwenye mlango wa nyumba fulani, huku mtu anayempenda na kule mtu anayempenda, hawasikilizani, wote wawili wanamwangalia yeye, na hakuwa na jina la anachokifanya, hakuwa na sheria wala kiti cha kukaa pembeni, hakujua kwamba anatakiwa asiwe na uso, alikuwa na mdomo wake na hofu yake, na alisema, kwa maneno yake mwenyewe, kile alichokisikia, na alilia, pengine, huku akisema, na wakaelewana. Samahani sana, anasema daktari, ameweka simu mezani kifudifudi, anakaa, anaona kiti cha baba kimegeuka, ananitazama, tayari?, na napaswa nimwombe baba ageuke, amwangalie daktari, mimi nirudi nyuma ya bega, niwe koti la mtu mwingine, na simwombi, namwambia daktari kwa lugha yake kamba ya kiatu chako imefunguka, mgonjwa anahofia utaanguka, na daktari anatazama chini, anainama, na kwa muda huo mdogo anapoinama hakuna mtu chumbani ila sisi wawili. Nayaangalia maneno, yapo yote, hakuna lililodondoka, sina dawa nyingine ya kukuponya, ugonjwa umeyapita, muda, maumivu, upendavyo wewe, watu wako, nitayashusha yote, moja moja, mpaka sindano itulie, na sitapunguza, lakini leo nitazidisha, litakuwepo moja ambalo daktari hakunipa, nitaliweka mbele, na lishushwe na mwenye kushusha, naweka mkono wangu juu ya mkono wake, kofia inaanguka chini na hakuna anayeiokota, nafungua mdomo, nasema, Baba...